Saini Kabla ya Maneno

Mpendwa Mjomba Anselme,

Ni Jumamosi mchana. Tantine Régine, mke wako, amekwenda kanisani kupanga maua ya misa ya kesho, nami nimekaa kwenye meza yako hapa Kampemba, upande wa dirisha, ule ambao hukumruhusu mtu yeyote kuweka sahani. Miezi kumi na minne imepita tangu tukuzike, na bado nilisita kabla ya kuvuta kiti.

Nakuandikia kwa sababu Jumanne nitasimama mbele ya mahakama. Usishtuke, sishtakiwi. Naitwa kama karani. Jaji ataniuliza habari ya karatasi moja niliyoiandika kwa mkono wangu, na kuna mwanaume gerezani, anaitwa Papa Donatien, ambaye atatoka au atabaki kwa jibu langu. Katika mji huu wote ni wewe tu ambaye ungeelewa ninachoogopa bila mimi kueleza. Ndiyo maana sina mtu wa kumwambia.

Unakumbuka siku uliyonipeleka kazini? Ulivaa shati lako la bluu, Tantine amelipiga pasi mara mbili, ukatembea mbele yangu kwa haraka kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa nakupeleka. Getini uliwaambia polisi wa zamu:

"Huyu njo mpwa wangu. Alisoma droit, mambo ya sheria, miaka tatu. Sasa amekuja kunifundisha kuandika."

"Vieux, atakutoa ku kiti!"

"Anitoe tu. Mugongo inaniuma."

Wakacheka, na mimi nikacheka. Sikuwa na haki ya kuogopa, wewe ulikuwepo. Ukanionyesha ofisi yetu ya parquet, yaani ya mwendesha mashtaka, na ile korido nyembamba ambamo waliokamatwa na polisi huketi chini wakingoja kuhojiwa. Ukanionyesha namna kazi inavyokwenda: substitut, msaidizi wa mwendesha mashtaka, anauliza, mtuhumiwa anajibu kwa Kiswahili, karani anaandika kwa Kifaransa kwenye karatasi tunazoziita P.V. Mwishoni kuna mstari ule ule siku zote, unaosema kwamba mtu huyu amesomewa maneno yake, ameyakubali, na ametia saini.

Mengine yote ulinifundisha polepole. Kupiga nambari kila ukurasa kabla ya kuanza. Kuchora mstari wa mshazari kwenye nafasi tupu ili mtu asije akaongeza neno. Kutomtazama anayelia, kwa sababu, ulisema, "ukimuangaria, mukono itatetemeka, na kisha hakuna muntu atasoma." Lakini wewe mwenyewe uliwatazama. Ulikuwa na karanga zako kwenye bahasha ya kahawia, na kila aliyeletwa kutoka buloko, chumba kile cha mahabusu, ulimmiminia kiganjani kabla ya swali la kwanza. "Kula kwanza, Baba. Maneno yako itakuwa murefu." Substitut alikuwa akikohoa kwa hasira, nawe ukajifanya huna masikio.

Na ulinifundisha jambo moja ambalo halikuwa kwenye vitabu vyangu.

Gari la gereza lilikuja mara moja tu kwa siku. Dereva hakushuka. Alipiga honi, na polisi wakawakokota watu nje hata kama swali lilikuwa halijaisha. P.V. isiyo na saini ilirudishwa, faili likalala, na mwenye faili akakaa wiki nyingine kwenye saruji. Kwa hiyo wewe ulikuwa unaweka kibweta cha wino mezani mwanzoni kabisa. "Baba, tia kidole hapa chini kwanza, kabla ya honi." Mtu alitia kidole kwenye karatasi tupu, akajifuta kwenye nguo, ndipo maswali yakaanza. Nilipokuangalia kwa jicho la mwanafunzi, ulinijibu kwa sauti ya chini: "Solange, najua. Ni juu ya kubasaidia tu."

Nilikuamini, kwa sababu mkononi mwako ilikuwa hivyo. Uliandika walichosema. Substitut alipojaribu kukusomea maneno ambayo mtu hakuyatamka, uliweka kalamu chini, ukavua miwani, ukaanza kuifuta kwa ncha ya shati, kioo cha kulia, kioo cha kushoto, tena cha kulia, mpaka yeye mwenyewe akachoka na kurudia vizuri. Sijawahi kukuona ukibishana na mtu. Ulifuta miwani tu.

Mimi sina miwani, Mjomba.

Na wala siwezi kusema sikujua. Katika mtihani wa mwaka wa pili niliandika ukurasa mzima juu ya haki za mtu aliyekamatwa. Aambiwe mara moja kwa nini amekamatwa, kwa lugha anayoielewa. Aruhusiwe kuita familia yake na wakili. Polisi wasimshike zaidi ya saa arobaini na nane bila kumfikisha kwa wenye mamlaka. Asilazimishwe kujishtaki. Asomewe alichosema kabla hajatia saini. Profesa aliandika "très bien" pembeni kwa wino mwekundu, nawe ukaibandika karatasi hiyo ndani ya mlango wa kabati la nguo. Ulimwambia Tantine kwamba sasa hata suruali zako zinajua haki zao.

Papa Donatien aliletwa kwetu Alhamisi moja, miezi saba baada ya mazishi yako. Ni mlinzi wa depo ya bidhaa za jumla hapa Kampemba, ya mfanyabiashara mmoja aliyetoka Kivu ya Kaskazini. Katoni za mafuta ya kupikia zilikuwa zimepotea. Polisi walimchukua Jumapili, anatoka misani na mke wake. Hesabu mwenyewe kutoka Jumapili mpaka Alhamisi. Walikuwa wamemvua mkanda na kamba za viatu, kwa hiyo aliingia ameshika suruali kwa mkono wa kushoto ili isianguke. Mkono wa kulia ulikuwa huru. Nikasogeza wino.

"Papa, tia kidole hapa."

Akatia. Hakuuliza ni ya nini. Alifikiri labda ndivyo watu wanavyoandikishwa wakiingia.

Substitut alikuwa na mafaili kumi na moja siku hiyo. Alianza bila kuinua kichwa.

"Donatien, zile katoni zilitoka na miguu yao?"

"Hapana, Monsieur le substitut. Nilizibeba miye."

"Voilà. Andika, Solange."

"Nilizibeba juu mutoto ya patron aliniambia: beba, tia mu camion. Nitamukatalia namna gani? Njo bao bananilipa."

"Nimekuuliza mambo ya mutoto ya patron?"

"Alikuwa pale! Mumuite, aseme mbele yangu. Na naomba kuita avocat, wakili ya kunitetea. Bibi yangu anajua moja ku parokia."

Substitut akacheka, kicheko cha kweli, kama mtu aliyesimuliwa jambo zuri. "Avocat! Uko ministre? Tangu wapi mulinzi ya depo eko na avocat?" Kisha akanigeukia, akanisomea kwa Kifaransa, taratibu, kwamba mtuhumiwa anakiri kutoa katoni ndani ya depo bila ruhusa ya mwenye mali.

Kalamu yangu ilisimama. Nakumbuka nilitazama kidole kile cha wino chini ya ukurasa, na juu yake karatasi nyeupe yote, na nikafikiri: Mjomba angevua miwani sasa. Nilihesabu hata moja mpaka tatu. Halafu niliandika. Niliandika kama alivyosema, na nukta nikaweka.

Honi ikalia. Polisi akamshika Papa Donatien begani. Mlangoni aligeuka, bado ameshika suruali, akaniuliza mimi, si substitut:

"Mama, uliandika ile ya mutoto ya patron?"

Ningeweza kuwa binti yake wa mwisho, na aliniita Mama.

"Ndiyo, Papa," nikasema.

Alishukuru kwa kichwa, akaenda. Nikamalizia ule mstari wa mwisho, kwamba amesomewa na amekubali, nikatia saini yangu chini ya kidole chake.

Yule mke wake, Mama Adolphine, ndiye hakuchoka. Alikwenda parokiani, kisha kwa wakubwa wa mawakili, mpaka akapewa wakili kijana wa kumtetea mumewe bila malipo. Kijana huyo alifanya jambo ambalo mimi sikulifanya: alikwenda gerezani na nakala ya P.V., akakaa naye kwenye benchi, akamsomea yote kwa Kiswahili. Alinisimulia mwenyewe, koridoni, bila ukali. Papa Donatien alisikiliza mpaka mwisho, kisha akakataa, akasema si hivyo: "Haina vile. Mumuulize ule mama. Yeye aliandika." Aliamini ningekuwa shahidi wake. Aliamini kuna karatasi nyingine mahali fulani, ile niliyomwambia ndiyo.

Ndipo wakili akaomba mahakama iniite.

Substitut hakunifokea. Afadhali angefoka. Alifunga mlango, akanipa kiti, akanionyesha ukurasa.

"Ma fille, hapa chini kuna alama tatu. Yake, yangu, yako. Ukisema moja ni ya uongo, utabakia na gani?" Akangoja. "Na serikali haijakupa namba ya kazi bado. Haina vile?"

"Ni vile, Monsieur le substitut."

"Basi."

Mwenzangu wa meza ya pili ameninong'oneza niseme sikumbuki. "Dossier ni mingi, Solange. Nani anakumbuka?" Tangu nilipomwambia kwamba mimi nakumbuka, amehamishia kiti chake upande wa pili wa chumba. Saa ya chakula nakula nimesimama kwenye stoo ya kumbukumbu, kati ya makabati, kwa sababu kule hakuna mtu wa kunihama. Ulikuwa unaniachia nusu ya mkate wako kwenye droo. Ijumaa niliifungua droo ile, sijui nilitafuta nini.

Nimeandaa jibu. Nitasema ni kosa langu mwenyewe, nilichoka, nilikosa uangalifu, ni mara moja tu. Nimelifanyia mazoezi mbele ya kioo cha Tantine. Kwa jibu hilo Papa Donatien anaweza kutoka, na wewe unabaki ulivyo katika midomo ya watu, Vieux Anselme, karani aliyegawa karanga. Ni jibu zuri. Kinachonisumbua ni swali ambalo halimo kwenye hati ya kuitwa, na ambalo siwezi kumuuliza mwingine. Ulikaa kwenye meza ile miaka ishirini na sita. Siku za malaria, siku za yule substitut wa zamani mliyemwogopa wote, mwaka ule wa mwisho macho yalipofifia: wewe kalamu yako ilisimama kila mara? Kila mara, Mjomba?

Geti linalia. Tantine amerudi. Naacha hapa.

*

Ni Alhamisi. Naendelea, lakini si kwenye meza yako. Niko Annexe, pembezoni mwa mji, katika chumba cha rafiki niliyesoma naye, nyuma ya shamba la mahindi la jirani. Yeye anakwenda sokoni asubuhi na kurudi jioni. Hapa ni kimya mpaka nasikia kalamu.

Jaji alikuwa mwanamke, umri wa mama yangu kama angekuwepo. Papa Donatien alikaa mbele, amekonda. Aliponiona aliketi wima, kama mtu ambaye shahidi wake amefika. Sikuweza kumtazama. Nilitazama meza.

"Karani, mtuhumiwa alisomewa P.V. hii kwa lugha anayoielewa?"

"Hapana, Mheshimiwa."

"Imeandikwa kwamba alisomewa."

"Mimi niliandika. Hakusomewa."

"Alitia kidole wakati gani?"

"Mwanzoni. Kabla hajasema neno."

Nyuma yangu watu wakaguna. Jaji aliuliza kama alimtaja mtoto wa mwajiri wake. Nikasema alimtaja, na sikuandika. Akauliza kama aliomba wakili. Nikasema aliomba, na tulicheka. Nilisema "tulicheka". Mimi sikucheka, lakini nilikuwa mezani.

Halafu akauliza swali ambalo nilikuwa nimelitayarishia jibu.

"Nani alikufundisha kuchukua saini kabla ya maneno?"

Mdomo wangu ulikuwa tayari umefunguka kusema hakuna. Sijui ni nini kilichonigeuza kichwa. Benchi la nyuma lilikuwa limejaa wanawake wenye mabakuli ya chakula magotini, wanangoja kesi za waume zao, za watoto wao. Mama Adolphine alikuwa mmoja tu kati yao. Nilifikiri: nikisema ni kosa langu la siku moja, leo watafungua faili moja na kulifunga. Na hawa je?

"Mjomba wangu," nikasema. "Anselme, aliyekuwa karani kabla yangu. Alifanya hivyo kwa kuwasaidia. Na ofisini kwetu wengine wanafanya hivyo mpaka leo."

"Yuko wapi?"

"Amekufa, Mheshimiwa."

Karani wa mahakama alikuwa anaandika. Alipomaliza, jaji akamwambia anisomee. Alisimama akanisomea kwa Kiswahili, neno kwa neno, bila haraka. Nilisikia jina lako likitoka kinywani mwa mtu ambaye hajawahi kukuona, na baada yake neno "amekufa". Kisha akaniuliza, "Iko vile?" na akangoja. Mjomba, sikujua kwamba ile nafasi ni ndefu hivyo. Mtu anaweza kukataa ndani yake. Anaweza kusema, ongeza hili, futa lile, mimi sikusema hivyo. Kwa miaka miwili nilikuwa nikiwanyima watu nafasi ile nikidhani nawanyima dakika mbili tu.

Nikasema, "Iko vile." Ndipo akanipa kalamu.

Jaji ameiondoa P.V. yangu kwenye kesi. Papa Donatien atahojiwa upya, wakili wake amekaa pembeni, na mtoto wa mwenye depo ameitwa. Akingoja hilo, arudi nyumbani kwake. Mama Adolphine alipiga kelele moja fupi, akaziba mdomo. Walipita karibu nami wakitoka. Nilikuwa nimefikiri huenda Papa Donatien atanishukuru, na huo ni upuuzi wangu. Alisimama, akaniangalia usoni.

"Uliniambia ndiyo," akasema.

Akaondoka na mke wake.

Nyumbani Tantine alikuwa amekwisha kusikia. Kampemba habari hazihitaji gari. Alikuwa ameweka nguo zangu juu ya kiti, zimekunjwa vizuri, hakuzitupa.

"Muntu haiko hapa ya kujitetea," akaniambia, "na weye unamushitaki ku tribunal? Alikulisha miaka ngapi? Nani alimuuliza yeye?"

Amesema kweli. Hakuna aliyekuuliza. Hukuwa na wakili. Hukuwepo hata kusikia. Nilisema juu yako mbele ya jaji, ikaandikwa, ikatiwa saini, nawe hukusomewa neno. Nilibeba nguo zangu mpaka Annexe nikiwaza hilo tu. Ndiyo sababu sikuichana barua hii niliyoianza Jumamosi, na ndiyo sababu nimekuandikia hata karanga, hata miwani, ili isemwe yote.

Jana mkuu wa ofisi aliniita. Nilidhani ananifukuza. Labda atanifukuza baadaye, hakusema. Ameagizwa atoe mafaili ya watu ambao bado wako gerezani kwa P.V. za meza yetu, na za zamani nyingi hazina jina la karani, kuna mwandiko tu. Anataka mtu anayeujua mwandiko wako. Aliuliza ofisi nzima. Nimebaki mimi.

Kesho asubuhi nitafungua kabati la kwanza. Nitakapokuta uliandika walichosema, nitaandika hivyo. Nitakapokuta kalamu haikusimama, nitaandika hivyo pia, na mtu huyo atasomewa maneno yake kwa lugha yake, aulizwe kama iko vile. Naogopa kila karatasi. Natamani ungekuwa upande wa pili wa meza, hata kama ni kunikasirikia.

Lala salama, Mjomba. Asante kwa kiti, kwa mkate, kwa ile karatasi kwenye mlango wa kabati. Nimekusomea yote niliyosema juu yako, kwa lugha uliyonilea nayo. Nimengoja kidogo hapa, dirisha likiwa wazi, ingawa najua huwezi kusema iko vile wala haina vile. Kwa hiyo hapa chini kuna saini moja tu.

Mpwa wako,
Solange